Gari Jepesi na Bwana Tani

Mgeni aliingia wakati ukungu umetufika magotini.

Haukuwa ukungu wa angani. Ulikuwa moshi mweupe wa barafu kavu, ile ya gesi iliyogandishwa, tuliyoimwaga ndani ya gari la dada yangu. Ulifurika milangoni, ukashuka sakafuni, ukatambaa chini ya meza za kazi kama maziwa yaliyochemka yakamwagika. Mimi nilikuwa nimechuchumaa ndani ya gari na nyundo ya mpira mkononi, nikisubiri lami igande. Chini ya kapeti za gari kuna tabaka nene la lami linalobandikwa kiwandani ili kuzuia kelele. Likiwa na joto linanata kama jojo. Likigandishwa linakuwa kavu kama biskuti, ukiligonga linatoka vipande vipande, na nyuma yake linabaki bati tupu linalong'aa. Kati ya kazi zote za gereji ile, hiyo ndiyo niliyoipenda kuliko nyingine. Kila nikipiga, gari lilijibu kwa sauti ambayo halikuwa nayo jana.

"Hodi hapa," mtu akasema.

"Karibu," Mjomba akajibu bila kugeuka. "Chunga mguu, hapo mbele kuna jeki huioni."

Aliyeingia alikuwa mwanamume mkubwa sana. Aliposimama langoni mwanga wa asubuhi ulipungua, kama mtu amevuta pazia. Nyusi zake zilikuwa nyeupe pepe, ingawa nywele zilikuwa nyeusi. Aliutazama moshi kwa muda, akainama kwa taabu, akavua viatu, akavipanga vizuri kando ya mlango.

"Nimekuja kupunguza uzito," alisema.

Mjomba akageuka, akachungulia nje ya lango.

"Gari lako umeliacha wapi, bwana?" Mjomba akauliza.

"Sina gari, fundi. Ni mimi mwenyewe." Akajigusa tumbo. "Nimeona moshi nikasema, haya, ule mvuke wa kukaa ndani utoke jasho ndio huu. Mbona lakini ni wa baridi?"

Dada, aliyekuwa amelala chini ya gari, alicheka mpaka akagonga paji la uso kwenye bomba la moshi.

Kosa lilikuwa la lango letu. Lango lile lilikuwa la mabati, lenye pande mbili. Upande wa kushoto Mjomba alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu TUNAPUNGUZA UZITO, na upande wa kulia akamalizia WA MAGARI YA MASHINDANO. Barafu kavu inakula hewa ya ndani, mtu anaweza kuzimia, kwa hiyo siku ya kazi hiyo lazima upande mmoja uachwe wazi. Tuliufungua wa kulia. Maneno yake yakageukia ndani, yakawa yanasomwa na sisi tu.

Mjomba alimweleza. Yule bwana akarudi langoni, miguu mitupu, akasoma upande wa kushoto, akazunguka akasoma na wa kulia. Nilidhani ataona haya aende zake. Badala yake mabega yake yalianza kutikisika, bila sauti, na nikaelewa kuwa anacheka.

"Basi hata mabati yananitania," alisema akijifuta macho. "Kazini kwangu wananiita Tani."

"Kwa utani?" Mjomba akauliza.

"Kwa uzito."

Kuanzia hapo akawa mtu wetu.

Alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate mitaa michache kutoka pale. Alikuwa anakanda unga watu wakiwa wamelala na kutoka kazini jua likichomoza, na ule weupe wa nyusi ulikuwa unga. Daktari alikuwa amemwambia atoe jasho kila siku, la sivyo magoti yake yatagoma. Alichungulia ndani ya gari, akaona bati tupu, nyaya zimening'inia, dashibodi hakuna.

"Viti vya nyuma vimeenda wapi?"

"Tumevitoa," nikasema.

"Na redio?"

"Tumeitoa."

"Hata dari ya kitambaa! Jamani, mlivamiwa na wezi au ninyi wenyewe ndio wezi?"

"Kila kitu hapa kinaulizwa swali moja," Mjomba akasema, akainua kisahani cha majivu kilichokuwa mezani. Akakitazama uso kwa uso, kama polisi na mshukiwa. "Wewe! Unafanya kazi gani humu?" Akatega sikio. "Kimya. Umesikia kimya hicho? Nje!" Akakitupa kwenye pipa la chuma chakavu.

Ndivyo tulivyofanya kazi, na sikuwahi kuona gereji nyingine inayofanya hivyo. Mjomba alidai kuwa ukitoa kitu bila kukiuliza, mwisho utatoa breki. Kwa hiyo tuliuliza. Tuliuliza mota ya kufuta kioo cha nyuma, tukauliza kabati la miwani, tukauliza vishikio vya abiria, na kila kilichokosa jibu kilipita mikononi mwangu kwenda kwenye mizani ya zamani iliyokuwa mlangoni. Kizimba cha mabomba kinachomlinda dereva gari likipinduka kilikuwa kizito kuliko vingi vya hivyo, lakini kilijibu vizuri, kikabaki.

Bwana Tani aliuangalia mchezo wote, kisha akakunja mikono ya shati.

"Nami nipeni nyundo. Daktari alisema nitoke jasho, hakusema wapi."

*

Inafaa niseme gari lile lilikuwa na maana gani kwetu.

Dada yangu alikuwa dereva wa lori la duka la samani. Tangu amalize shule alikuwa akibeba makabati, makochi na vitanda vya watu, akipanda milima kwa gia ya kwanza, akishuka huku ameshika breki na roho mkononi. Mwili wake ulikuwa kwenye lori, moyo wake ulikuwa kwenye mbio. Gari lile dogo alilinunua likiwa mkweche, limeota kutu milangoni, akalileta kwa Mjomba, kaka wa mama yetu, naye akatupa kona ya gereji bila masharti ila moja: tusiguse chai yake. Mimi nilikuwa nimetoka chuoni na shahada ya uhandisi, nikisubiri kazi ambayo ilikuwa haina haraka nami. Mjomba aliniita Injinia, na alivyolitamka neno lile ungedhani ni ugonjwa wa mbuzi.

Kulikuwa na timu moja ya mbio iliyokuwa inatafuta dereva. Msimamizi wake, ambaye sisi tulimwita Kofia Nyeupe kwa sababu hatukuwahi kumwona bila kofia hiyo, alikuwa ametoa neno: atakayezunguka uwanja chini ya dakika mbili, kwa gari lake mwenyewe, siku ya mwisho ya uwanja, atamchukua. Siku ya mwisho, maana uwanja wenyewe ulikuwa kiwanja cha ndege kilichoachwa, na sasa kilikuwa kinageuzwa nyumba. Matingatinga yalishaegeshwa pembeni, yanangoja.

Dada aliwahi kujaribu kabla hatujalipunguza gari. Alizidisha sekunde chache, lakini katika mbio sekunde chache ni mbali kama mji mwingine. Injini kubwa zaidi hatukuwa na uwezo nayo. Tulichoweza ni kutoa. Kutoa hakuna gharama, alisema Dada, unahitaji mikono na moyo mgumu.

Kwa hiyo tulitoa. Bwana Tani alikuja kila asubuhi akitoka kazini, na mkate wa moto umefungwa kwenye karatasi, na akashika sehemu yake, sakafu ya upande wa abiria. Alikuwa na mikono ya mtu aliyezoea kukanda. Hakupiga lami kwa nguvu, aliigonga kidogo, akasikiliza, akagonga tena, mpaka ikatoka pande kubwa zima kama ganda la mkate lililonyanyuka. Moshi wa barafu ulimzunguka, unga ulimtoka nyusini, na kuna nyakati nilipomtazama nikaona kama mtu aliyekaa juu ya wingu, amepewa nyundo, analitengeneza.

"Hii lami kazi yake ni kuzuia kelele tu?" aliniuliza siku moja.

"Ndiyo, mzee. Bila hiyo ndani ya gari hamsikilizani."

Akalipima pande lile mkononi. "Kumbe kimya nacho kina kilo zake."

Nililibeba neno hilo siku nzima. Pembeni mwa gereji rundo la lami lilizidi kukua, na mimi nikaanza kuliona kama rundo la kimya tulichokitoa, na gari nalo, kadiri siku zilivyopita, likawa linaongea. Ukidondosha nati ndani yake iliita kama kengele. Mvua ilipopiga paa, gari zima lilivuma. Tulitoboa matundu kwenye fremu za milango, tukabadilisha vioo vya pembeni kwa plastiki ngumu, na jua la mchana lilipoingia lilichora duara nyingi za mwanga sakafuni, zikihama polepole kutoka ukuta huu kwenda ule. Nililala nikaota gari limeelea juu ya paa la gereji. Sisi tumelishika kwa kamba, na Mjomba anapiga kelele kutoka chini: "Injinia, usiachie! Bado halijalipiwa ushuru!"

Sijui kama kuna furaha inayofanana na ile ya watu wachache wanaopunguza kitu kimoja pamoja. Siku hizo niliamini kwamba dunia nzima ingeweza kutengenezwa hivyo, kwa kuuliza na kutoa.

Ahadi ilitolewa mchana mmoja wa kawaida. Dada alikuwa anatoboa mlango kwa drili, mimi nashika taa, Bwana Tani anakwangua mabaki ya gundi kwa tindo. Mjomba alimtania.

"Tani, unakuja hapa kwa miguu kila siku. Mtu wa magoti mabovu! Si uchukue teksi?"

"Teksi zinanijua, fundi. Dereva akiniona anashika kiuno. 'Mzee, wewe utalipa viti viwili.' Nikikaa mbele, mlango unagoma. Nikikaa nyuma, wenzangu wanavuta pumzi yote ndani, hawaitoi mpaka nishuke. Na gari lenyewe linalalia upande wangu, linakwaruza barabara, kila mtu anasikia, hakuna anayesema." Aliongea akicheka, tindo ikiendelea. "Nikaona basi, miguu yangu hainisemi vibaya. Siku moja tu ningependa gari linibebe mbio, kweli kweli, bila kulalamika. Nijue wepesi ukoje."

Drili ikanyamaza.

"Baba," Dada akasema, "gari hili likiisha, raundi yake ya kwanza uwanjani ni yako."

"Mwanangu, usinitanie."

"Sikutanii. Siku ile tunaingia uwanjani, gari linatoka na wewe kwanza. Halafu mimi na muda wangu."

Mjomba alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "We mtoto! Tunakwangua mpaka rangi chini ya bonneti, halafu unaahidi kubeba tani?"

"Tani moja tu, fundi," Bwana Tani akasema. "Siyo mbili."

Tukacheka wote. Lakini niliona alivyoinamia kazi yake tena, na kwamba tindo haikuwa inagusa kitu. Alikuwa anaipitisha hewani.

Wakati huo ahadi ile ilikuwa nyepesi. Uwanja ungekuwa wazi kutwa, Dada angekuwa na nafasi ya kutoka mara kumi akitaka. Raundi moja ya kumfurahisha mzee ilikuwa kama kumpa mtu maji.

*

Siku ya mwisho ya uwanja ilianza bila uwanja. Tulifika alfajiri tukakuta ukungu, safari hii wa kweli, umelala juu ya njia yote, na magari yamepangwa mstari ndani yake, taa zikiwaka hafifu. Kutoka mbali ungesikia mtu anakohoa, mwingine anapiga tairi teke, lakini usimwone. Gari letu lilishuka kutoka kwenye lori la duka la samani, ambalo Dada aliliazima kwa kumbembeleza tajiri wake, na sisi watatu tukalisukuma mpaka kwenye mstari kama mkokoteni mtupu. Lilikuwa jepesi kuliko tulivyowahi kuota. Niliweka kiganja kwenye paa lake, lilikuwa na umande, na nikahisi linatetemeka kidogo, ingawa injini ilikuwa imezimwa.

Bwana Tani alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Mwanzoni sikumtambua. Nyusi zake zilikuwa nyeusi, alikuwa ameziosha.

"Shikamoo, mzee. Umependeza leo."

"Marahaba, Injinia. Jana mchana sikulala. Nimeungua mkono kwenye tanuri, na trei nzima za mikate nimezisahau zikawa mkaa. Wanadhani naumwa."

Kofia Nyeupe alikaa kwenye kiti cha kukunja karibu na mstari wa kuanzia, saa ya kupimia shingoni, mwavuli umelazwa miguuni. Alitupungia mkono. Dada akampungia naye, akarudi akatembea kulizunguka gari mara kadhaa bila kuligusa.

Ukungu haukuondoka. Asubuhi ilipita, tukala mkate wa Bwana Tani, tukanywa chai ya Mjomba, ambayo siku ile aliigawa mwenyewe. Ulipoanza kunyanyuka hatimaye, ulinyanyuka kama pazia, taratibu, na nyuma yake tukaona mawingu meusi upande wa pili, yanakuja.

Msimamizi wa uwanja akapanda juu ya pipa na kipaza sauti.

"Jamani, sikilizeni. Ukungu umetula siku, na ile mvua mnaiona. Kila gari linatoka mara moja tu. Raundi ya kupasha moto matairi, raundi moja ya muda, raundi ya kurudi. Basi. Abiria ruhusa, akiwa na helmeti na mkanda, lakini ukibeba abiria muda wako hauandikwi. Mara moja, nimesema. Msije kunililia."

Mjomba alikuwa wa kwanza kusema. "Sawa. Mara moja inatosha. Chini ya dakika mbili, tunarudi nyumbani."

Hakuna aliyemtazama Bwana Tani, na kwa sababu hiyo sote tulijua alipo. Alikuwa amesimama nyuma ya lori, helmeti tuliyomwazimia imeshamkaa kichwani, mashavu yamesukumwa juu mpaka macho yamekuwa madogo. Aliivua polepole. Akaja akaiweka juu ya meza kama mtu anayerudisha chombo cha jirani.

"Nenda, mwanangu," alimwambia Dada. "Mimi nimeshaliona likiwa zima. Imetosha. Nitasimama pale kwenye uzio nikupigie makofi, si unajua mikono yangu inasikika."

"Asante, mzee," Mjomba akasema haraka. "Umeongea kiutu uzima."

Dada alikuwa anavaa glavu. Alivaa ya kulia. Ya kushoto ikabaki mkononi.

Namba zikaanza kuitwa. Gari la kwanza likaondoka, sauti yake ikapasua hewa ikapotea kwenye kona ya mbali. Sisi tulikuwa wa sita. Bwana Tani alikuwa ameanza kutembea kuelekea kwenye uzio, mkono mmoja kwenye goti.

Nitasema ukweli, mimi nilitaka Dada aende peke yake. Nilikuwa nimebeba kila kilo ya gari lile mikononi, nikaona mchango wangu wote unasimama kwenye mstari. Nikamwambia, "Dada, mzee ameelewa."

"Ameelewa, ndiyo," alisema. "Amezoea kuelewa."

Akavua glavu.

"Lete kiti."

Kiti cha abiria cha asili tulikuwa tumekuja nacho, kimefungwa turubai kwenye lori, kwa sababu kile chembamba cha mbio kisingemwenea. Kilikuwa kitu kizito kuliko vyote tulivyotoa kwenye gari lile. Nilikibeba kifuani, na njia nzima sikumwangalia Mjomba usoni.

"Umewehuka?" Mjomba alikuwa anamwambia Dada kwa sauti ya chini, ile ya ndani ya familia. "Unajua unachofanya? Yule mtu wa kofia yuko pale! Yuko pale, hatua chache! Kesho hapa kuna tingatinga!"

"Najua, Mjomba."

"Mzee mwenyewe kakuruhusu!"

"Nilimwambia ya kwanza. Sikumwambia ya kwanza kama kuna jua."

"Mama yako angekuwa hapa angekuzaba kibao."

"Angenizaba," Dada akakubali. Macho yake yalikuwa yamejaa, lakini sauti haikuyumba. "Halafu angenishikia kiti."

Nilikuwa nimeinama ndani, nafunga bolti za kiti, vidole vikiteleza. Spana ikanyang'anywa mkononi mwangu.

"Hukazi hivyo, Injinia," Mjomba akafoka. "Mtu atang'oka na kiti chake kwenye kona. Sogea." Akazikaza zote nne mwenyewe, akiguna kila moja, akazirudia tena kuanzia mwanzo.

Kofia Nyeupe alisimama alipoona kiti kinaingia. Akaja mpaka dirishani. Hakuwa mtu mbaya, nilimwona alivyosita.

"Binti, umesikia tangazo? Ukitoka na huyu, mimi natia mstari kwenye jina lako. Siku nyingine sina."

"Nimesikia, bwana," Dada akasema. "Tia tu."

Bwana Tani aliitwa mara tatu kabla ya kugeuka pale kwenye uzio. Alipoelewa anaitiwa nini alitikisa kichwa, akatikisa mikono, akarudi nyuma hatua moja. Dada akamwendea. Sikusikia walichosema. Niliona tu dada yangu, mdogo kama mtoto mbele ya mtu yule, anamshika kidole kimoja na kumvuta, na yule bwana mkubwa anakuja.

Aliingia kinyumenyume, akapitisha mguu mmoja, akapumzika, akapitisha wa pili. Gari likashuka upande wake. Sote tulilisikia likishuka, na mimi nikabana meno, nikimwombea asisikie. Alisikia. Akamwangalia Dada.

"Linalalamika?"

"Linakaa vizuri," Dada akasema. "Vuta mkanda huo, baba. Vuta mpaka mwisho."

Mkanda ulifika mwisho wake na ukatosha. Nikampiga begani. Mjomba akafunga mlango kwa mikono miwili, kwa upole, kama mlango wa chumba anakolala mgonjwa.

Waliondoka. Bati lile tupu, bila kapeti wala lami, lilipaza kila kitu kilichokuwa ndani yake, na raundi ya kwanza walipopita polepole wakipasha matairi, tulisikia sauti ya Bwana Tani ikitoka humo pamoja na ya injini, ndefu, ya chini, wala sikuweza kujua anasema nini. Raundi ya pili ilikuwa ile ya muda. Nilidhani Dada atakwenda kwa kiasi, apunguze, amtembeze mzee aone mandhari. Hakufanya hivyo. Alitokea kwenye kona ya mwisho akiwa amekanyaga mafuta yote, gari limelalia upande mmoja, mawingu meusi nyuma yake, na akaipita mistari ya njia kama mtu anayeandikiwa kila sekunde. Lilipita mbele yetu kwa kishindo. Kupitia dirisha la plastiki nilimwona Bwana Tani kwa kitambo kifupi sana. Mikono yake haikuwa imeshika kitu. Aliiinua mbele ya kifua, viganja juu, vidole vimeachana, kama anaelea majini.

Kofia Nyeupe alikuwa ameshakunja kiti chake. Alilitazama gari mpaka likapotea, akafungua mwavuli, akaenda zake. Msimamizi wa uwanja, kwa mazoea, aliinua kalamu aandike muda, akaniuliza namba yetu, kisha akakumbuka, akaifunika.

"Ilikuwa nzuri lakini," alisema, si kwa mtu yeyote hasa.

Matone ya kwanza yalianguka wakati wanarudi. Gari lilisimama pale pale lilipoanzia, injini ikazimwa, na mvua ikaanza kulipiga paa lile tupu kwa mlio wa juu juu, mwembamba. Hakuna aliyeshuka. Nilipoinama dirishani, Dada alikuwa ameegemeza helmeti kwenye usukani, mabega yanapanda na kushuka. Bwana Tani alikuwa anatazama mbele, kwenye njia inayolowa.

"Hiyo ilikuwa ya kwanza, baba," Dada akasema bila kuinua kichwa.

"Ndiyo," akajibu. "Nimeipata."